Natafuta Kitu cha Kuchora

Jumatatu, 2 Agosti 1954. Mbeya.

Leo nimekata shauri. Nitachora picha moja kubwa, nitaipeleka Iringa, na mke wangu atarudi. Kilichobaki ni kujua nichore nini.

Chanzo ni barua ya shemeji Ahmadi. Anasema dada yake Rukia yuko kwake Iringa tangu Machi. Anasema mwanamume humfuata mkewe au humpa talaka yake, hamwachi akining'inia kama koti msumarini. Nimepewa mpaka Jumatatu ya baada ya Idi. Ama niwe nimemchukua, ama nipeleke karatasi. Mwisho ametia sahihi: "Shemeji yako, ikiwa bado." Ikiwa bado! Mtu mkatili.

Kwenda mikono mitupu siwezi. Mimi, Zubery, ni fundi wa rangi. Mabango ya maduka matatu hapa Majengo ni kazi yangu, na moja tu ndilo lenye kosa la herufi. Pale posta kuna tangazo: Jumamosi tarehe 14, Iringa, maonyesho ya kazi za mikono, wenyeji wote wa jimbo wanakaribishwa. Basi! Picha yangu itapata zawadi ya kwanza. Rukia atasimama mbele yake na watu watamwambia hongera, kumbe yule ni mumeo. Atarudi akitembea kifua mbele. Ahmadi ataomba radhi kwa maandishi.

Aliondoka kwa sababu ya shuka. Nilichora juu ya shuka ya kitandani. Kitambaa cha kuchorea ningepata wapi Mbeya hii? Zilikuwa shuka mbili, nikachukua moja, nikamwachia moja. Huo si uadilifu? Siku ile alisema maneno mengi. Siyakumbuki. Nakumbuka jinsi mwanga wa dirishani ulivyoangukia sufuria.

Jioni nimepika ugali wa watu wawili tena. Mkono umezoea. Ile nusu ya pili huwa naila asubuhi, imeshapoa.

Jumanne, 3 Agosti.

Mlima Loleza! Umesimama juu ya mji mzima na mimi nahangaika kutafuta. Nimetoa kiti nje, nikaweka magotini ubao wa kasha la chai, nikafumba jicho moja.

Akatokea Jailos. Huyu naye ni fundi wa rangi, Mkristo wa huko milimani, kibanda chake kinatazamana na changu. Kazi yake yote ni kitu kimoja: Loleza, na jua juu yake. Amechora Loleza kwenye malori, kwa kinyozi, kwenye duka la nyama. Wateja wanapanga foleni. Watu hawana macho!

Aliniuliza kama na mimi nimeanza Loleza. Kama ndivyo, atanionyesha namna ya kuweka kivuli cha bonde. Alisema kwa upole. Upole ule ndio unaoudhi. Nikamjibu naota jua tu, nikaingiza kiti ndani. Mlima wenyewe sasa umeharibika. Kila nikiutazama namwona Jailos.

Kabla hajaondoka alinishauri nichore ninachokijua. Ninajua nini mimi? Najua mlango uliofungwa, na kikombe kimoja, na kitanda kilichobonyea upande mmoja. Nani atatoa zawadi kwa mambo hayo?

Jumatano, 4 Agosti.

Nimekwenda Mbalizi mnadani. Nimegundua kitu kisicho na Jailos ndani yake: ng'ombe. Dume jeusi lenye baka jeupe shingoni. Mwenye ng'ombe, Msafwa mmoja mpole, akaniambia chora, kuchora hakumpunguzii uzito.

Nikaanza na kichwa. Kichwa kizuri mno! Nikaenda shingoni, nikafika kifuani, nikamaliza miguu ya mbele. Kuinua macho, ng'ombe hayupo. Ameuzwa. Nikawafuata wanunuzi mpaka ng'ambo ya mto nikiwaomba wanisimamishie ule upande wa nyuma kwa muda mfupi tu. Wakauliza kama nataka kununua mapaja. Nikasema nataka kuyatazama. Wakaharakisha mwendo.

Nimerudi kwa miguu na nusu ng'ombe. Njiani watu walikuwa wawili wawili, watatu watatu, wanapiga soga. Sikuwa na wa kumsimulia habari ya mapaja. Rukia angecheka mpaka akae chini.

Alhamisi, 5 Agosti.

Nimejaribu kummalizia ng'ombe kwa kukumbuka. Upande wa nyuma umefanana na kochi.

Nimemjibu Ahmadi. Nimemwambia picha imekwisha, ni kubwa, na mabwana wa bomani wameanza kuiulizia. Nikaongeza kwamba asije akashangaa akiona jina la ukoo magazetini. Nikaandika: Rukia hajambo? Nikakata. Nikaandika upya chini kabisa, kwa herufi ndogo. Nikatia bahasha gundi kabla sijabadili nia.

Ijumaa, 6 Agosti.

Baada ya sala ya Ijumaa watu walitoka msikitini wakishikana mikono, huyu akimvuta yule nyumbani kwake wakale. Mimi nilifunga kamba za viatu. Nilizifunga mara tatu. Hakuna aliyenivuta.

Lakini Mungu hamtupi fundi. Pale bombani, mbele ya nyumba yangu, alikuwa amekaa mzee Andendekisye. Ni Mnyakyusa, alikuja mjini kuwafuata wanawe, anaishi nyumba ya nyuma. Alikuwa mpagazi wa vita ile ya kwanza ya Wajerumani na bado anavaa koti zito la kijeshi, jua liwake lisiwake. Na uso! Mikunjo inapita kila upande, na jicho moja limefumbwa kidogo, kama mtu anayesubiri umalize kumdanganya.

Nikamwamkia Kinyakyusa, nikamwambia "ugonile". Akanisahihisha namna ya kuitamka. Nikamwuliza kama atakubali nichore sura yake. Akakubali kwa sharti moja.

"Chora tu," akasema. "Lakini meno unirudishie."

Jumapili, 8 Agosti.

Siku mbili mzee amekaa kwangu. Sina ubao mwingine, kwa hiyo nimepaka rangi juu ya ng'ombe. Hata haonekani.

Amenisimulia vita, na ndizi za kwao Tukuyu, na wanawe wanne, na wakamwana wake wanne ambao anasema ni wazuri sana ingawa hajapata kuwaona uso. Nilidhani ni utani wa wazee. Nilikuwa namtengeneza pua.

Leo alasiri picha ilikuwa imekwisha. Nilijua imekwisha. Lakini nilijua pia nikisema imekwisha atasimama na kwenda zake. Nikamwambia bado sikio. Nimelichora sikio lile kwa saa mbili, nikifuta, nikichora. Nikamkaangia karanga. Tangu Machi hakuna mtu aliyekaa kwenye kiti kile muda mrefu hivyo. Alipoondoka nilikivuta karibu na jiko, sijui kwa nini.

Jumatatu, 9 Agosti.

Rangi ya mafuta haikauki kwa baridi hii, na chumbani kwangu kuna ukungu. Mahali pekee penye jua ni barazani, ukuta unaotazama bomba. Nikagongelea msumari pale.

Jailos alivuka barabara kuja kuitazama. Akaitazama kwa karibu, akaitazama kwa mbali. Mwisho akasema sura ni ya mzee hasa. Kisha akaniambia nisiiweke pale, mkabala na bomba, itaniletea shida na wale akina mama. Nikamwuliza shida gani. Akaanza kueleza mambo ya mila za kwao, nami nikamkata kauli. Wivu una njia nyingi, hata mila zinatumika! Nikaitundika juu zaidi.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Saa nne hivi akaja mwanamke na ndoo kichwani, akainua macho, akaona picha. Akapiga kelele! Akajifunika kanga uso mzima, akageuka, akakimbia. Ndoo ikabaki inaviringika. Akaja wa pili, akachutama palepale, akarudi kinyumenyume. Wa tatu alifika kwenye kona tu, wenzake wakamwambia kitu, akatokomea.

Hiyo ndiyo sanaa! Jailos anaweza kuchora milima mia, hakuna atakayetupa ndoo. Rukia akiiona Jumamosi itabidi ashikwe mkono.

Jumanne, 10 Agosti. Idi.

Sikukuu njema kwangu, kwani nani mwingine ataniambia.

Nilirudi kutoka kuswali nimevaa kanzu nyeupe, nikakuta ndoo kumi na moja zimepangwa kwenye kona, mahali ambapo picha haionekani. Hakuna mtu karibu nazo. Kutoka nyuma ya ukuta wa choo sauti ya mwanamke ikaniita. Alikuwa Lusia, mke wa mtoto mkubwa wa mzee Andendekisye.

"Bwana fundi, sisi hatuwezi kufika bombani. Yule mwenyewe anatutazama."

Nikamwuliza mwenyewe nani. Hakumtaja jina. Kumbe hata jina halitajwi! Ndiyo nikaelewa alichotaka kueleza Jailos. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Akisikia anakuja anaacha njia, anajifunika, anachutama mpaka apite. Miaka kumi na mbili Lusia ameolewa, hajamwona mzee uso. Na mimi nimemtundika barazani toka asubuhi mpaka magharibi, amekodoa macho, na meno yote.

Nikamwambia dada yangu, ile ni rangi tu.

"Rangi ina macho, bwana," akasema. "Si wewe uliyaweka?"

Akaja mzee mwenyewe, na wakamwana nyuma ya choo wakapotea kabisa. Mzee alikuwa na njaa. Tangu jana saa nne nyumba zote nne za wanawe hazijapata maji, hazijapika. Akasimama mbele ya picha akanyoosha kola yake, halafu akaikunjia uso. Akataka niifunike. Nikamwambia rangi mbichi, kitambaa kitaondoka na pua yake. Akataka niigeuzie ukutani. Nikamwambia bila jua haitakauka, na Alhamisi nasafiri, na nikifika Iringa bila picha nimeachika. Hapo nilitaka kutania, lakini sauti ilinisaliti.

Mzee akanitazama na lile jicho lake. Akatoa hukumu: picha ibaki. Lakini maji ya nyumba zote nne nitachota mimi mpaka ikauke.

Nimechota ndoo kumi na tisa. Sikukuu, na kanzu yangu nyeupe! Waislamu wenzangu walipita na sahani za pilau wakinitazama. Jailos alikuja kunisaidia ndoo tano za mwisho. Alikuja kupeleleza hali ya picha, najua.

Jioni nimekuta bakuli limefunikwa kizingitini. Ndizi na maharage, bado ya moto. Akina mama wale wameliweka wakati mimi niko bombani. Sikumwona hata mmoja wa kumshukuru. Nimesema "ndaga" kwa sauti kuelekea choo, ikiwa yupo mtu. Kisha nimekula peke yangu, na chakula kilikuwa kizuri hata nikaona uchungu.

Alhamisi, 12 Agosti.

Safari! Kutoka kwangu mpaka kituo cha basi njia inapita mbele ya milango ya wanawe mzee wote wanne. Ikaamuliwa kwamba picha isafiri kwa adabu kama anavyosafiri mwenyewe, yaani sauti itangulie, wakamwana wapate kujificha. Basi nilitembea nimeinua ubao, nikikohoa. Hatua tano, kikohozi. Hatua tano, kikohozi. Milango ikifungwa mbele yangu mmoja baada ya mwingine. Mzee Andendekisye akifuata nyuma kuangalia kama nambeba vizuri, naye akikohoa.

Kituoni Jailos alikuwa amekuja kuniaga. Nikamwambia zawadi nitamwonyesha nikirudi. Akaniambia nirudi na mke, hiyo zawadi ataiona baadaye. Mtu haelewi kabisa habari za maonyesho.

Ijumaa, 13 Agosti. Iringa.

Tumelala Sao Hill, tumefika saa sita, mavumbi mpaka kwenye meno. Iringa baridi yake inakata. Nimepanga chumba Miyomboni.

Nyumba ya Ahmadi haiko mbali. Nimepita mbele yake mara tatu. Mara ya pili nilimsikia Rukia uani akigombana na kuku. Sauti ileile! Anamwambia kuku hana shukrani. Nilisimama mpaka miguu ikaanza kuuma. Ningeweza kupiga hodi. Hatua nane tu. Lakini nitasema nini bila zawadi mkononi? Kesho. Kesho nitakuwa mtu.

Jumamosi, 14 Agosti.

Wameiweka picha kwenye kona, kati ya vyungu na jogoo wa mbao. Jua la dirishani lilikuwa linaipiga moja kwa moja. Mwanzo nilifurahi. Kisha nikaona ng'ombe.

Anatokeza! Rangi ya juu nimeipaka nyepesi mno. Chini ya kola ya mzee kuna kwato, na ukisimama upande wa kulia, nyuma ya sikio nililolipigania saa mbili kuna pembe. Bibi wa Kizungu mwenye miwani, mmoja wa waamuzi, aliinama, akaandika kitu, akainama tena. Mkalimani wake akaniuliza kama hii ni imani ya kwetu. Nikasema ndiyo.

Zawadi ya kwanza imechukuliwa na mama mmoja Mhehe kwa kikapu cha majani ya milulu. Kikapu! Ya pili, kikapu. Ya tatu, kikapu chenye kifuniko. Nilitaka kutoroka, lakini Rukia alikuwa ameshaingia mlangoni na kaka yake.

Amekonda. Amevaa kanga ya kijani ambayo siifahamu. Akaja mpaka mbele ya picha, akaitazama, akauliza mbona mzee wa watu ana kwato. Sikujua la kufanya, nikamsimulia yote: ng'ombe wa Mbalizi, meno, wakamwana, ndoo kumi na tisa na kanzu, kukohoa njia nzima. Akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia mbele ya kaka yake, akashindwa, akajishika kwenye meza ya vyungu. Miezi mitano sijakisikia kicheko kile. Nilitaka kusimulia tena tangu mwanzo.

Kisha akafuta macho na kusema taratibu: "Wale wanawake wameacha maji kwa heshima ya ubao. Mimi nimekaa kwako miaka sita, Zubery, na hujapata hata kunipisha mlangoni."

Nikasema zawadi nitaipata mwakani. Akasema hataki zawadi, hataki mshenga, hataki maneno. Jumatatu saa tatu atakuwa kituo cha basi. Basi la Mbeya linaondoka saa nne.

"Uje unipokee mzigo mkononi, watu waone," akasema. "Hilo tu. Usipokuja, usinitafute tena."

Ahmadi akaongeza kwamba nisipokuja, atakuja mwenyewe kuichukua karatasi ya talaka. Nikaapa mbele ya vyungu vyote.

Jumapili, 15 Agosti.

Nina mke! Nimenunua shuka mbili mpya sokoni. Mwenye duka aliuliza kama naoa, nikasema naoa tena. Nimetembea mji mzima nikiwaamkia watu nisiowajua. Rahisi kiasi hiki! Kupokea mzigo tu! Kila mtu anaweza kupokea mzigo.

Picha ya mzee nimeifunga kwenye shuka moja. Moja tu.

Jumatatu, 16 Agosti.

Nataka kuandika sawasawa jinsi ilivyokuwa, ili baadaye asije mtu akasema sikufika. Nilifika. Saa tatu kasorobo nilikuwa kituoni.

Naye alikuwa ameshafika. Nilitokea nyuma ya lori la mahindi, nikamwona kabla hajaniona. Alikuwa amekaa kwenye gogo, peke yake, ile kanga ya kijani, mzigo umefungwa kwa kitenge cha manjano, ameupakata na kuushika kwa mikono miwili. Amenyoosha shingo anatazama barabara ninayotakiwa kutokea. Jua la asubuhi upande mmoja wa uso. Nyuma yake ukuta mweupe mtupu.

Moyo ulinipasuka. Wiki mbili nimezunguka na milima na ng'ombe, kumbe kitu chenyewe ni hiki! Hakuna mtu Nyanda za Juu zote aliyepata kuchora kitu kama hiki. Nikajua kabisa: nikimwita atageuka, atatabasamu, na shingo ile itapotea. Nikatoa penseli. Dakika tano tu.

Shingo ilitoka mara ya kwanza! Bega likatoka. Mikono ndiyo iliyonisumbua, maana alikuwa anaikaza na kuilegeza. Basi likapiga honi. Akasimama, nikaumia, lakini akakaa tena palepale, Mungu amjalie. Kondakta akamwuliza kitu, akatikisa kichwa. Basi likaondoka. Mwanga sasa ulikuwa mzuri zaidi, maana lile basi lilikuwa linaleta kivuli.

Saa nne na nusu akavuta kanga akajifunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Hapo nilikasirika kidogo, kwa sababu macho nilikuwa bado sijayafanya. Nikangoja afunue. Hakufunua. Akaja Ahmadi, akasimama mbele yake, akaniziba kabisa. Akamwambia maneno. Akampokea mzigo mkononi. Wakaondoka.

Nilitaka kuwakimbilia. Wallahi nilitaka, mguu mmoja ulishatoka nyuma ya lori. Lakini jua lilikuwa linageuka, na kivuli cha gogo kisingeningoja.

Alhamisi, 19 Agosti. Mbeya.

Nimerudi juu ya magunia ya lile lori. Nyumba kimya. Nimepika ugali, na mkono umepika wa watu wawili.

Mzee Andendekisye amekuja kuuliza mke yuko wapi. Jailos naye amekuja, na mfuko wa viazi wa kumkaribisha mgeni. Nikawaonyesha mchoro. Mzee aliutazama, akaondoka akikohoa, ingawa njiani hakukuwa na mtu wa kupishwa. Jailos aliutazama mpaka nikachoka. Hakusema ni mbaya. Aliuliza jambo moja tu, nilikuwa nimesimama wapi. Nikamwonyesha: nyuma ya lori, mahali pazuri sana, unaona kila kitu na hakuna anayekuona. Akaweka viazi chini, akaondoka bila kuaga. Wivu! Sasa hata kuuficha hawezi.

Ni kazi bora kuliko zote nilizopata kufanya. Nimeutundika juu ya kitanda. Nikiutazama kutoka kwenye kile kiti, nafsi inaniuma. Hivyo ndivyo nilivyojua ni nzuri. Rukia akiiona ikiwa imekwisha ataelewa yote, na Ahmadi ataelewa, na habari za karatasi zitakwisha. Mwakani vikapu vitajificha.

Limebaki jambo dogo tu la macho. Kwa hiyo leo nimemwandikia barua ya mapenzi, kurasa mbili. Nimemweleza kwamba Jumatatu ijayo nitakuwa Iringa, na namwomba afike tena kituoni saa tatu, na kanga ileile. Akae juu ya lile gogo. Mzigo aushike mwenyewe, asiuweke chini na asimpe mtu. Asijifunike uso, hata ikiwaje. Asinitafute kwa macho huku na huku, maana shingo itaharibika. Atazame barabara tu, kana kwamba nakuja.